Nilijaza Sifuri Tisa

Kuna ripoti mahali fulani inayosema mimi niko sawa kabisa. Sijawahi kuiona kwa macho, lakini mmoja wa waliohesabiwa ndani yake ni mimi. Novemba 2024, nikiwa fresha, niliwekewa mbele fomu ya maswali tisa kuhusu hali ya akili yangu, na yote tisa nikayapa sifuri. Usingizi unakusumbua? Sifuri. Chakula hakipandi? Sifuri. Unajiona umeshindwa na umewaangusha watu wa kwenu? Sifuri, buda.

Wakati huo ilikuwa wiki ya tatu usingizi unanijia saa kumi alfajiri. Nilikuwa nakula chapati moja kwa siku, na si kwamba nilitaka kupunguza mwili. Nilikuwa nimeacha kupokea simu za nyumbani. Miezi minne baadaye nilifunga begi, nikapanda matatu ya usiku, nikashuka Keroka alfajiri na baridi yake, na darasani sijarudi tena hadi leo.

Kwa hiyo wasee, hii si ile stori ya "niliacha chuo nikaanza kontenti na sasa niko poa". Hiyo nimeshaisimulia hadi imechoka. Leo nataka tuongee kuhusu ile fomu. Kila mtu siku hizi anasema tupime afya ya akili ya wanafunzi, tufanye utafiti, tupate data. Sawa, tupime. Lakini mimi ni data. Na data ilidanganya. Nataka mjue kwa nini.

Picha ni hii. Ukumbi wa mihadhara, watu kama mia mbili, joto, kila mtu anataka kwenda kula. Mwanafunzi wa uzamili anaingia, mpole tu, anasema anafanya utafiti kuhusu ugumu wa kuzoea maisha ya chuo. Karatasi zinapitishwa safu kwa safu. Pale juu kuna pengo la kuandika namba ya usajili. Kushoto kwangu ameketi msichana niliyekuwa nikimpenda kimya kimya. Kulia kwangu rumeti wangu. Na atakayezikusanya ni kiongozi wa darasa, msee ambaye hawezi kuficha siri hata ya mandazi.

Sasa niambie ukweli. Swali linakuuliza ni mara ngapi ndani ya wiki mbili zilizopita umekata tamaa. Jirani anachungulia. Namba yako iko hapo juu. Wewe ungejaza nini?

Na swali la tisa ndilo kubwa kabisa. Linauliza kama umewahi kuwaza kwamba afadhali ungekufa au kujidhuru. Kumbuka hiyo ilikuwa Novemba 2024. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya bado kilikuwa kinasema kujaribu kujiua ni kosa. Mahakama Kuu, kupitia Jaji Lawrence Mugambi, ilikuja kusema Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Najua, swali liliuliza kuhusu mawazo, na kuwaza hakujawahi kuwa kosa. Lakini fresha wa safu ya tatu atajuaje tofauti hiyo? Yeye anajua tu kwamba kuna jirani yao aliyejaribu, na polisi wakaja. Ukiweka alama hapo na namba yako iko juu, unajiuliza karatasi hii inaishia ofisi ya nani.

Baadaye ndiyo nikaijua ile fomu kwa jina. Inaitwa PHQ-9. Ilitungwa Marekani na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke, na ikachapishwa mwaka 2001. Maswali tisa, kila moja linajibiwa kwa 0 hadi 3, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 27. Ukifika 5 una dalili kidogo, 10 ndipo mhudumu anaanza kukuangalia kwa makini, 15 ni zaidi, 20 kwenda juu ni mbaya. Ni ya bure, ni fupi, na imejaribiwa sehemu nyingi za dunia. Hata huku magharibi mwa Kenya, watafiti waliijaribu kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Kwa hiyo sisemi ni fomu takataka. Ni fomu nzuri. Shida ni vile tunavyoitumia.

Tena hiyo inapima huzuni, haipimi kuzoea chuo. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Kwa kuzoea chuo kuna dodoso lingine maarufu, SACQ, la Robert Baker na Bohdan Siryk wa Chuo Kikuu cha Clark, Massachusetts, la miaka ya 1980. Lile lina maswali 67. Linakugawa vipande vinne: masomo yanaendaje, una watu au uko peke yako, moyo na mwili wako vikoje, na je, unajisikia hiki chuo ni chako au umekuja kukitembelea tu. Hicho kipande cha nne kilinigusa nilipokisoma. Kwa sababu mimi sikuwahi kujisikia pale ni pangu hata siku moja. Nilikuwa mgeni mwenye kitambulisho.

Na tusifikiri hili ni tatizo la msee mmoja wa Nyamira asiyejua kupambana. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa wanafunzi 923 wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa dodoso fupi la maswali kumi, asilimia 35.7 walionyesha dalili za wastani za sonona, na asilimia 5.6 dalili kali. Na ni nani walioonekana kulemewa zaidi? Wa mwaka wa kwanza. Wenye shida ya pesa. Wanaokaa nje ya kampasi. Niliposoma hiyo orodha nilicheka kidogo halafu nikanyamaza. Walikuwa wananielezea mimi miaka kumi kabla sijafika.

Hapo ndipo nataka kusema maoni yangu waziwazi: vyuo vyetu havina upungufu wa fomu. Vina upungufu wa mazingira ambayo mtu anaweza kusema ukweli kwenye fomu.

Kwetu kuna neno, ensoni. Kiswahili kitakwambia ni haya, au aibu, lakini ni kubwa kuliko hapo. Ensoni ndiyo inayokufanya usiseme vitu fulani mbele ya watu fulani, na mtu asiye nayo anaonekana hajalelewa. Ni kitu kizuri, kimetushikilia. Lakini ukija na fomu inayomwambia kijana wa Kikisii aweke alama mbele ya watu mia mbili kwamba anashindwa, umemwomba avue nguo. Atakupa sifuri tisa na atakushukuru kwa kalamu.

Halafu kuna suala la maneno. Kwa Ekegusii, mama tunamwita "baba". Baba mzazi ni "tata". Rumeti wangu wa kutoka Nakuru alinisikia kwenye simu nikisema "baba" na sauti inayojibu ni ya mwanamke, akadhani namtania. Sasa mchukue mtu asiyejua hilo, mpe dodoso alitafsiri haraka haraka kwa Ekegusii. Atauliza kuhusu baba, ajibiwe kuhusu mama, na ataenda kuandika jedwali safi kabisa. Kama neno jepesi hivyo linaweza kugeuka, je, maneno kama "kukosa raha" au "kujisikia mtupu"? Mimi sijawahi kusikia mtu Nyamira akisema anajisikia mtupu. Nimesikia "nina mawazo". Nimesikia "kichwa kimejaa". Ni kinyume kabisa! Fomu ikiuliza kama uko mtupu, sisi tatizo letu ni kwamba tumejaa.

Wazimbabwe waliliona hili mapema. Kwa Kishona wanasema kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Mwaka 1997 Vikram Patel na wenzake walichapisha dodoso la maswali 14 lililojengwa kutokana na maneno ya watu wenyewe wa Harare. Hawakuanza na kamusi, walianza kwa kusikiliza wagonjwa. Baadaye daktari Dixon Chibanda akaanzisha mpango wa benchi la urafiki, ambapo akina bibi waliofunzwa wanaketi na mtu kwenye benchi nje ya kliniki na kuongea naye, na hayo maswali 14 yakawa sehemu ya kazi. Unaona? Dodoso liko mkononi mwa mtu atakayekusikiliza baada ya kulijibu. Kwangu mimi karatasi ilichukuliwa na kiongozi wa darasa.

Na wale tunaokesha na tamthilia za Kikorea tunajua kule nako si mchezo. Kuna mtihani wao wa Novemba, Suneung, ambao wakifika sehemu ya kusikiliza Kiingereza hata ndege zinazuiwa kupaa na kutua. Mtoto akipita hapo anaingia chuo akiwa amechoka kama mzee, halafu ndipo anaambiwa aanze maisha. Watafiti wao walichukua lile dodoso la SACQ wakalitafsiri. Lakini hawakuishia hapo. Wakorea wana ugonjwa wanaouita hwabyung, ugonjwa wa moto, wa mtu aliyemeza hasira na uchungu miaka mingi hadi kifua kinawaka. Mwaka 1994 ukaingia hata kwenye kitabu kikubwa cha Wamarekani cha magonjwa ya akili, sehemu ya magonjwa ya tamaduni mbalimbali. Na wakatunga maswali yao wenyewe ya kuupima. Hawakusubiri mtu wa Massachusetts aje awaambie kifua chao kinawakaje.

Sasa sisi? Watu wa Gusii tumepimwa zamani sana. Robert LeVine na Barbara LeVine walikuja huku miaka ya 1950 kutazama tunavyolea watoto, na mwaka 1966 likatoka kitabu zima, "Nyansongo". Wasomi wa dunia wanatusoma. Lakini muulize jirani yako wa Nyansiongo kama amewahi kukiona. Tumezoea kupimwa. Hatujazoea kuletewa majibu.

Tena usiniambie serikali haijui kupima. Nilipoomba ufadhili wa chuo mwaka huo wa 2024 nilipimwa hadi nikashangaa. Mfumo mpya ulioanza 2023 una chombo cha kupima uwezo wa familia. Unaingia kwenye potali, unaulizwa wazazi wako ni nani, wanapata ngapi, mko wangapi, shule ya sekondari ilikuwa ya aina gani, mnatumia nini nyumbani. Ukimaliza unawekwa kwenye bendi, ya kwanza hadi ya tano. Mwaka huo wa 2024 bendi ya 1 familia ilikuwa inalipa asilimia 5 ya gharama ya kozi, bendi ya 5 ilikuwa inalipa asilimia 40. Mimi nilipata bendi ya 3, yaani asilimia 20 ni ya mama.

Sitabishana leo kama bendi ni sawa au si sawa, hilo lilishafika kortini. Hoja yangu ni moja tu. Nchi hii ilitengeneza chombo cha kujua mfuko wangu una nini kabla sijakanyaga kampasi. Na ilipofika kichwa changu, ilikuwa karatasi moja, ya mwanafunzi mwenzetu aliyekuwa anatafuta digrii yake. Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza tena kitu. Hata siku niliyoondoka. Hasa siku niliyoondoka.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Fikiria nani anajaza hizi fomu. Ni aliyekuja darasani. Aliyelala hosteli hajaweza kuamka, hajaijaza. Aliyerudi nyumbani mwezi wa pili, hajaijaza. Kwa hiyo unapima ugumu wa kuzoea chuo kwa kuwauliza waliobaki. Ni kama kwenda Gusii Stadium baada ya mechi, ukawahesabu walioko ndani, halafu ukasema hakuna aliyekosa tiketi. Sisi tulioacha tuko wapi kwenye hesabu? Tuko boda. Tuko dukani. Tuko Daraja Mbili tunauza viatu vya mtumba. Mimi niko hapa na simu na taa ya kuzunguka. Sijawahi kupigiwa simu na mtu wa chuo akaniuliza, "Kijana, uliondokea nini?"

Siku hizi nakaa Kisii mjini. Mji umejaa wanafunzi: Kisii University, polytechnic, KMTC, vyuo vidogo ghorofani juu ya maduka. Wengi wananiandikia inbox, na hawaanzi na "nina sonona". Wanaanza na "msee, uliwaambiaje wazazi?" Hilo ndilo swali namba moja. Si "nifanye nini nipone". Ni "niwaambieje".

Kutokana na hizo meseji, na maisha yangu, nimejiandikia maswali matano ambayo mimi ningeyaweka kwenye fomu ya kupima kama kijana wa huku amezoea chuo. Mimi si mtaalamu, sina hata diploma, kwa hiyo yachukue kama ya mtu wa mtaani:

Moja. Wiki hii kuna siku ulilala njaa, ukamwambia mzazi kwa simu kwamba umekula?

Mbili. Unaogopa kurudi nyumbani likizo kwa sababu watu walikuchangia? Mimi harambee yangu ilifanyika uwanja wa kanisa. Mzee mmoja alitoa kuku, akapigwa mnada. Ukishabeba kuku wa mzee, huwezi kurudi na kusema hesabu za mwaka wa kwanza zimekushinda.

Tatu. Mkopo ukiingia, unatuma ngapi nyumbani kabla hujanunua chakula?

Nne. Umewahi kuweka pesa ya karo kwenye kubeti ukitumaini utaizalisha? Usinikodolee macho. Tunajua.

Tano. Chuoni kuna mtu hata mmoja anayelijua jina lako la nyumbani, lile mama anakuitia?

Mtu akijibu hayo kwa ukweli, utajua mengi kuliko kumuuliza kama anajisikia mtupu. Lakini si kwamba fomu za kizungu zitupwe. Hapana. Zile namba zinasaidia kulinganisha, na mtaalamu anazihitaji. Nasema tuongeze za kwetu, zijaribiwe na watu wanaojua kazi hiyo, na zijaribiwe na sisi tukiwemo.

Najua kuna watakaosema, "Vijana wa siku hizi ni waoga. Sisi tulisoma na koroboi, tukatembea kilomita kumi, mbona hatukupimwa?" Nawaheshimu, wazee wangu. Lakini nauliza: mnajuaje kwamba hamkuumia, kama hakuna aliyepima? Kila kijiji kina yule mjomba aliyekuwa na akili sana, akaenda chuo, akarudi mwaka wa pili, na tangu hapo haongei na mtu. Tunasema alirogwa. Labda alikuwa fresha tu ambaye hakuulizwa.

Na kuna upande wetu pia, sisi wa kontenti. Tunachangia ujinga. Unaona video ya sekunde thelathini, "ukifanya vitu hivi vitano una bipola." Komredi anatazama saa nane usiku, anajipima, anajipa ugonjwa, anashiriki na marafiki. Hata PHQ-9 yenyewe haikupi ugonjwa. Inakuambia tu, nenda ukaongee na mtu anayejua. Ni kama kugusa paji la uso wa mtoto: unajua ana joto, hujui kama ni malaria. Nami niliwahi kupost jaribio la aina hiyo mwaka jana. Nimelifuta. Naomba msamaha.

Basi tufanye nini? Mimi naona vitu vinne, na hakuna hata kimoja kinachohitaji mabilioni.

Kwanza, fomu ijazwe kwa simu, peke yako, mahali unapotaka. Kama ni ya utafiti, isiwe na namba ya usajili. Kama ni ya kukusaidia, uambiwe waziwazi ni nani ataisoma na ni nani hatawahi kuiona.

Pili, usipime mara moja. Wiki ya kwanza kila fresha ana furaha, ana shuka mpya na ndoo mpya. Pima wiki ya sita, mafuta ya kupikia yakiisha. Pima tena baada ya tarehe ya mwisho ya karo. Hapo ndipo utatukuta.

Tatu, mtu akikupa 15, awepo mtu wa kumpigia. Wiki hiyo hiyo. Kama chuo hakina watu wa kutosha wa kupiga simu, basi kitumie wanafunzi wakubwa waliofunzwa. Hili si ndoto. Shirika la Shamiri hapa Kenya limewatumia vijana waliomaliza sekondari kuongea na wanafunzi wa sekondari, na matokeo ya jaribio lao yalichapishwa kwenye jarida kubwa la tiba ya akili mwaka 2021. Kama mtu wa miaka ishirini anaweza kumsaidia wa kumi na saba, basi wa mwaka wa nne anaweza kumshika mkono wa mwaka wa kwanza. Kuuliza mtu maswali mazito kisha umwache hapo na majibu yake, mimi naona ni afadhali usingemuuliza.

Nne, tuhesabuni sisi tulioondoka. Simu moja tu. "Uliondokea nini?" Mtapata utafiti wenu.

Sasa nimalize na mama.

Mama anachuna chai. Kwenye kituo cha majani, kabla ya kuning'iniza gunia lake, huwa anaangalia mizani kwanza ikiwa tupu. Kama haisomi sifuri, hapimi. Anasimama pale na gunia mgongoni, foleni yote inamlalamikia, hadi karani airekebishe. Niliporudi, wiki ya kwanza hatukuongea kuhusu chuo. Nilikuwa namsaidia kubeba majani tu. Siku ya nane au ya tisa, tukiwa njiani, nikamwambia yote. Chapati moja. Saa kumi alfajiri. Mzee wa kuku. Na ile fomu ya sifuri tisa.

Alinyamaza kitambo. Nilidhani atalia au atanikemea. Akaniuliza, "Kwa hiyo walikupima ukasoma sifuri, na gunia likiwa mgongoni?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Basi mizani ilikuwa mbovu. Chai haikuwa nyepesi."

Wiki iliyofuata alinisindikiza kituo cha afya. Mhudumu alinipa yale maswali tisa tena, mlango umefungwa, akaniambia nijibu nikikumbuka ile Novemba, halafu nijibu ya sasa. Ya Novemba ilikuwa 16. Ya siku hiyo ilikuwa 11. Sijawahi kufurahia alama za mtihani kama nilivyofurahia ile 11, kwa sababu ilikuwa ya kweli. Nimekuwa nikirudi pale. Sio kila siku ni nzuri, lakini nalala.

Nikiweza siku moja nitamaliza digrii. Labda. Sijaamua, na leo sitawadanganya kwamba kuacha chuo ndiyo siri ya mafanikio. Wengi wetu hatukuacha kwa ushujaa. Tuliacha kwa sababu tulikuwa tumezama na kila karatasi ilisema tunaelea.

Kama wewe ni fresha unasoma hii saa kumi alfajiri, na unajua kabisa sifuri zako si sifuri: piga 1199, ni ya Msalaba Mwekundu wa Kenya na haitozi. Au mwamshe rumeti. Au mpigie mama, hata kama mlikuwa hamuongei. Huhitaji kuanza na ugonjwa. Anza na "sijakula".

Na wewe uliyeondoka kama mimi, niambie: uliondokea nini? Andika sentensi moja tu. Chuo hakijauliza, basi mimi nauliza.